Mlo wa Mtoto wa Mbwa Kama Somo: Mambo Yakikwama, Chanzo ni Nini?

Mtoto wa mbwa hula mara tatu au nne kwa siku, na chakula hicho kikavu ukikihesabu ni punje mamia. Zikimwagwa bakulini zinaisha kwa dakika mbili, na siku yote iliyobaki anaitafutia kazi mwenyewe: miguu ya meza, viatu, pindo la pazia. Zikigawanywa, punje hizo hizo zinatosha kumfundisha jina lake, kukaa, kuja akiitwa na kuvumilia kushikwa masikio, na bado zikabaki za kutafutwa kwa pua. Kazi yenyewe si ngumu. Inakwama kwa sababu chache zinazojirudia, na tabu ni kwamba dalili zinafanana huku vyanzo vikiwa mbali mbali. Mtoto aliyeshiba na mtoto mwenye hofu wote hugeuza kichwa mbele ya punje ile ile.

Kwanza hesabu

Usitafute dalili yoyote kabla ya kukagua kipimo. Tumia mizani ya jikoni, si kikombe. Watu wawili wakijaza kikombe kimoja hawapati uzito mmoja. Kwenye mfuko wa chakula pana jedwali. Lisome vizuri: mengine yanataka uzito wa mtoto wa leo, mengine yanataka uzito atakaokuwa nao akikomaa. Kuchanganya hayo mawili kunaweza kumlisha mara mbili ya anachohitaji, au nusu yake.

Tuseme kipimo cha siku ni gramu 160. Asubuhi zitie zote kwenye chombo kimoja chenye kifuniko, na kila punje atakayopewa siku hiyo, na yeyote yule, itoke humo. Kisha pima gramu 20 uzihesabu punje zake. Zikiwa 60, basi kila gramu ina punje tatu; gramu 50 ni punje 150, sawa na vipindi kumi vya punje 15. Mgawanyo mzuri wa kuanzia ni gramu 50 za mazoezi, 50 za vichezeo na kunusa, na 60 za bakuli la kawaida. Wiki ya 8 hadi ya 12 gawa milo minne, kutoka hapo hadi miezi sita mitatu, halafu miwili.

Kisicholiwa mazoezini kinarudi bakulini kabla ya usiku. Hili halina mjadala. Ipo tabia ya kumnyima mtoto mlo mpaka "afanye kazi", na huo si ufundi. Mtoto anakua, na wale wa maumbo madogo sana walio chini ya miezi minne wanaweza kushukiwa na sukari mwilini kwa kukaa saa nyingi bila kula: wanalegea, wanayumba, wanatetemeka, wanaweza kupata degedege. Ukiona hivyo, mpake asali au maji yenye sukari nyingi kwenye fizi na umkimbize kwa daktari wa mifugo.

Anakula bakulini, lakini mkononi anageuza kichwa

Jaribio la nusu dakika litakuonyesha pa kuanzia. Mtoe hapo mlipo, nenda naye chumba tulivu alichokizoea, dondosha punje tano sakafuni bila kusema neno.

Akizila mara moja, tumbo halina shida. Shida ilikuwa mahali. Mtoto mwenye wasiwasi mara nyingi hafungui kinywa hata kwa nyama. Tazama mwili wake mlipokuwa: mkia chini, masikio yamelazwa nyuma, anapiga miayo wala hana usingizi, analamba pua yake mara kwa mara. Wengi hapa hukimbilia chakula kitamu zaidi, na wakati mwingine kinamfanya asogee karibu na kitu anachokiogopa ili apate nyama, kisha anashtuka akiwa ameshakifikia. Rudi nyuma naye, hatua kumi au hamsini, mpaka aanze kula mwenyewe. Hapo ndipo pa kufanyia somo leo.

Akizila sakafuni lakini bado anaukwepa mkono, mkono ndio mshtakiwa. Huenda umewahi kuwa mtego: alipewa punje, akakamatwa mkanda wa shingoni, akafungiwa. Au unamwinamia kama paa la nyumba. Kaa chini, mpe ubavu badala ya uso, weka punje sakafuni kando ya goti lako. Baada ya siku mbili hivi zihamishie kwenye kiganja kilichofunguka, kikiwa kimegusa sakafu.

Asipozigusa kabisa, uliza alikula lini. Ikiwa ni chini ya saa moja, ameshiba tu. Hamishia vipindi kwenye dakika 20 zinazotangulia mlo. Akiwa kati ya miezi mitatu na nusu na saba, mfunue mdomo: meno ya utotoni yanang'oka na fizi zinauma. Damu kidogo kwenye kichezeo wakati huo ni kawaida. Loweka punje kwa maji ya vuguvugu, kiasi sawa kwa sawa, dakika 10 hadi 15, zilainike.

Akiacha milo miwili mfululizo, au akaacha mmoja tu huku anatapika, anahara au amelegea, hilo si suala la mafunzo tena. Nenda kwa daktari siku hiyo hiyo, hasa kama hajamaliza chanjo, kwa sababu parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, huua kwa siku chache.

Na yupo yule anayeanza vizuri, anakula punje kumi, kisha anaondoka zake. Huyo hana kasoro yoyote. Kipindi kimezidi. Dakika moja inatosha, tatu ni nyingi, na mwisho mzuri ni pale bado anakutazama akidai nyingine.

Nje, penye harufu za kila namna, punje kavu inaweza kuwa malipo madogo. Kabla ya kubadilisha chakula, chukua vipande vichache vya kuku aliyechemshwa bila chumvi wala kitunguu, uvifungie kwenye chombo kimoja na punje, ulaze kwenye friji usiku mmoja. Asubuhi punje zote zinanuka kuku. Vipande vyenyewe hesabu kama vya ziada, na vyote vya ziada kwa jumla visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku.

Anatii akiona chakula tu

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na karibu kila mara chanzo ni kimoja: chambo kimekaa mkononi siku nyingi mno. Mtoto hakujifunza neno "kaa". Amejifunza kuwa mkono wenye punje ukipanda, makalio hushuka.

Lirudie somo la kukaa tangu mwanzo, taratibu. Shika punje kati ya kidole gumba na cha shahada, igusishe karibu na pua yake, kisha ipandishe polepole kuelekea nyuma, katikati ya masikio. Kidevu kikiinuka, makalio yanashuka yenyewe. Akiruka, mkono umepanda juu sana. Punje isizidi urefu wa kidole kimoja juu ya pua. Akirudi kinyumenyume, umeusukuma mkono nyuma kwa haraka; punguza mwendo, au mfanyie zoezi hili akiwa na ukuta nyuma yake. Usimkandamize kiunoni. Akikandamizwa husukuma juu.

Mara tatu fanya ukiwa na punje. Mara ya nne mkono ule ule, mwendo ule ule, lakini mtupu. Akikaa, punje inatoka mkono wa pili uliokuwa mgongoni. Hapa watu wengi huogopa na kurudi kwenye punje. Usirudi; mpe sekunde tatu za kufikiri. Kuanzia hapo mkono wa ishara hauna kitu.

Neno linaingia mwisho, na mpangilio wake ndio wenye nguvu. Sema "kaa", ngoja sekunde moja kamili, ndipo mkono usogee. Ukisema na kusogeza mkono kwa pamoja, atausoma mkono tu, kwa kuwa mbwa husoma mwili kabla ya sauti na neno linakuwa kelele ya nyuma. Mambo ya mpangilio yanajulikana tangu enzi za Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya usagaji wa chakula: ishara inayotangulia chakula hufundisha, inayokuja pamoja nacho au baada yake hufundisha kidogo sana.

Hatua ya mwisho, chombo cha punje kinakaa mezani mita mbili kutoka mlipo. Anakaa, unamwambia amepatia, mnakwenda pamoja kuchukua punje. Akishaelewa kwamba malipo yapo hata yasipoonekana, lalamiko limekwisha.

Hapo kwenye "unamwambia amepatia" pana neno la alama, na pana makosa mawili. Neno la alama ni sauti fupi inayosema "hapo hapo, hicho ndicho nilichotaka", na punje inafuata ndani ya sekunde moja au mbili. "Tiki" linafaa: fupi, kali, halisemwi ovyo. Lijaze maana kwanza, "tiki" kisha punje, mara 15 bila kumtaka afanye lolote. Kosa la kwanza ni mkono kuingia mfukoni kabla ya neno kutoka, na mtoto anabaki akiutazama mfuko. Jirekodi kwa simu dakika moja uangalie kipi kinatangulia, wengi hushangaa. Kosa la pili ni kuchagua neno la kuruhusu, lile la kumwambia sasa anaweza kula, ambalo nyumba nzima inalitumia. "Haya" linaonekana limeumbwa kwa kazi hiyo, mpaka simu iite, useme "haya, haya, nimekusikia", na mtoto uliyemwambia asubiri awe ameshamaliza bakuli. Tumia "pokea".

Kichezeo anakiacha, anakibwekea au anakitafuna

Kichezeo cha chakula ni mtihani, na wengi wanaanza na mtihani wa kumaliza shule. Kanuni inayookoa muda ni hii: punje ya kwanza ipatikane ndani ya sekunde tano, na kazi nzima iishe ndani ya dakika tano hadi kumi. Ikipungua hapo, pandisha ugumu, ikizidi, shusha.

Ngazi zenyewe zipande hivi. Siku za kwanza, mwaga punje kwenye nyasi fupi au zulia, eneo la mita moja kwa moja, aziokote. Kisha taulo: litandaze, nyunyiza punje, mwache. Kesho yake likunje mara moja. Baada ya siku tatu liviringe kama mkeka, na baadaye lifunge fundo legevu. Trei ya kuokea keki ndogo ni hatua nzuri ya kati. Punje mbili kila shimo, mipira juu ya mashimo matatu tu, mengine wazi. Mipira iwe mikubwa kiasi cha kutomezeka. Ndipo kije kichezeo cha mpira mgumu chenye uwazi ndani, kikiwa na punje kavu zinazomwagika kwa kusukumwa tu. Halafu punje zilizolowekwa na kushindiliwa kidogo mdomoni mwake. Kugandisha kwenye friza ni ngazi ya mwisho, na mtoto wa wiki tisa hana haja nayo.

Sasa dalili. Akikibwekea au kukipiga makofi huku analia, ama ni kigumu ama ana njaa mno. Mtoto mwenye njaa kali hafikiri, anapaparika. Mpe theluthi ya mlo bakulini kwanza, kisha kichezeo. Kama bado, panua mlango wa chakula: tundu la kichezeo linatakiwa kuwa pana angalau mara mbili ya punje. Kuna punje za pembetatu zinazojifunga tundu la duara hata likionekana kubwa. Zitikise wewe mwenyewe kabla ya kumlaumu mtoto.

Akikiacha baada ya kukinusa tu, angalia sakafu. Kwenye vigae kichezeo kinateleza kila akikigusa, na chupa ya plastiki hupiga kelele inayomtisha. Weka zulia. Akija akakipita kama hakioni, sugua chakula laini kidogo mdomoni mwa kichezeo, harufu imwite.

Akikitafuna, uliza: kabla ya kumaliza au baada? Kabla, ni kwa sababu kusukuma hakujalipa na meno yamelipa. Rudi ngazi moja. Baada, ni kwa sababu kimebaki naye bila kazi. Kiondoe kikiisha, kwa kubadilishana na punje tatu zilizotupwa pembeni, si kwa kunyang'anya.

Chupa na maboksi ni vichezeo vya bure na vyema, lakini vina masharti. Chupa iondolewe kifuniko, pete ya shingoni na karatasi. Boksi liondolewe utepe wa gundi na pini. Mtoto anayerarua na kutema anafaa navyo. Anayerarua na kumeza hafai, basi, usimjaribu. Na awe mbele ya macho yako.

Ukifika kwenye kugandisha: loweka gramu 25 za punje, ponda nusu yake, ziba tundu dogo la chini ili visivuje, jaza bila kushindilia, weka friza kwa muda wa saa nne. Siagi ya karanga ukiitumia kama kifuniko iwe kijiko cha chai kimoja, na soma lebo kwanza: yenye zailitoli, kitamu kinachotumika badala ya sukari na wakati mwingine huandikwa namba E967 tu, ni sumu kali kwa mbwa hata kidogo. Zabibu mbichi na kavu, chokoleti, vitunguu vya aina zote na karanga za makadamia nazo zisiingie humo. Baada ya matumizi, kioshe kichezeo kwa maji moto na sabuni, sugua ndani kwa brashi ya chupa. Chakula kilicholowekwa kisikae nje zaidi ya saa mbili.

Bakuli likiinuliwa tu, anaruka na kubweka

Hapa mtoto amefundishwa vizuri kabisa, ila somo si ulilokusudia: alibweka, bakuli likaja, akaruka, bakuli likaja. Amelipwa mara nne kwa siku tangu afike.

Weka robo tu ya mlo bakulini, ili zoezi lirudiwe mara nne. Simama na bakuli usawa wa kifua, usiseme kitu. Akiwa na miguu yote minne chini, lishushe kama sentimita kumi. Akiruka, linarudi juu, kimya, bila "hapana" wala "acha". Yeye ndiye anayeliendesha bakuli kama lifti, na anahitaji kuligundua hilo mwenyewe. Mara ya kwanza linaweza kupanda na kushuka mara kumi na tano kabla ya kugusa sakafu. Likigusa tu huku ametulia, sema "pokea" papo hapo. Usimsubirishe hata sekunde moja siku ya kwanza.

Sekunde huongezwa baadaye: moja, mbili, moja, tatu, mbili. Ukipanda moja kwa moja hadi kumi atavunjika moyo na utarudi kwenye kelele. Na sekunde tano mbele ya chakula kwa mtoto wa wiki kumi ni kazi nzuri. Anayetaka kumsubirisha dakika nzima anajifurahisha mwenyewe.

Ikiwa baada ya siku nne hakuna nafuu, mtu mwingine nyumbani analiweka bakuli chini akibweka. Huna haja ya kutafuta zaidi.

Anabugia bila kutafuna, kisha anatapika

Chakula kikirudi ndani ya dakika chache, punje zikiwa nzima, amekula haraka kuliko tumbo lilivyoweza kupokea. Tabia hii mara nyingi ametoka nayo alikozaliwa, kwenye sinia moja na ndugu saba. Tandaza mlo kwenye trei pana, punje zisipandane. Usitie mawe bakulini kama wengine wanavyoshauri. Watoto humeza mawe. Anayebugia, tumbo limejaa kama puto na mbavu zinaonekana, apimwe minyoo.

Anachukua punje na vidole

Meno ya utotoni ni kama sindano, na ukivuta mkono anaukimbilia. Mpe kwenye kiganja kilichonyooka, gumba limebanwa ubavuni. Kwa zoezi lenyewe, funga ngumi juu ya punje na umwache alambe, akwangue, aume kidogo, ngumi haisogei. Ulimi ukichukua nafasi ya meno, au akirudi nyuma, "tiki", ngumi inafunguka. Akiuma zaidi jioni kuliko asubuhi, amechoka.

Anaganda juu ya bakuli, au ananguruma

Hapa pole pole, kwa sababu kosa la wiki moja linaweza kukaa naye maisha.

Kunguruma ni dalili ya nne au ya tano. Kabla yake zipo nyingine ambazo hazisikiki: ukipita karibu anakula haraka zaidi, mwili unakakamaa, kichwa kinabaki chini, anakutazama kwa pembe ya jicho mpaka weupe uonekane, anasogeza mwili kukukinga na bakuli. Mkia unaweza kuwa unatikisika wakati huo huo, na wengi hudanganyika nao.

Chanzo ni hofu ya kunyang'anywa, na mara nyingi amefunzwa na watu wenye nia njema. Waliambiwa wamtie mkono bakulini anapokula, au waliondoe bakuli "ili ajue nani mkubwa". Mtoto hajifunzi ukubwa wa mtu yeyote hapo. Anajifunza kwamba mtu akikaribia, chakula hupotea. Kumwadhibu kwa kunguruma ni kuizima kengele ya moto na kuuacha moto. Kesho ataruka hatua hiyo na kuuma kimya.

Dawa ni kugeuza hesabu: mtu akija, chakula kinaongezeka. Bakulini weka punje za kawaida. Mfukoni mwako vipande vya kuku vya ukubwa wa kucha. Tafuta umbali ambao anaendelea kula akiwa amelegea, tuseme mita tatu. Pita hapo, tupa kipande kitue karibu na bakuli, endelea na safari yako. Usisimame, usizungumze naye. Mara tano au sita kwa mlo. Utajua amekubali pale atakapoinua kichwa kukutazama ukija, mwili umelainika, akitafuta kuku badala ya kukutafuta wewe. Hapo sogea nusu mita. Akikakamaa umesogea mapema, rudi. Kufika kando ya bakuli kunaweza kuchukua wiki mbili hadi sita. Kuligusa bakuli ni hatua nyingine, na watu wengi hawana haja ya kufika huko.

Wakati huo watoto wa nyumbani wasikaribie anapokula, wala sehemu anapotafunia kichezeo. Mbwa wawili wale kwenye vyumba viwili, mlango umefungwa, na vichezeo viokotwe kabla ya kuufungua. Akishauma, au akilinda hata vitu visivyo chakula, tafuta daktari wa mifugo au mkufunzi wa tabia asiyetumia adhabu. Somo hili halifai kubahatisha.

Kinyesi kimelegea, au uzito unapanda

Umebadilisha chakula ghafla? Kibadilishe kwa siku saba hadi kumi: robo ya kipya, nusu, robo tatu, ndipo chote. Kama hukubadilisha, hesabu vitamu vya wiki hii, hasa vya mafuta. Kinyesi chenye damu, au cha maji kinachozidi siku moja, kwa daktari.

Uzito upimwe kila wiki, lakini vidole vinasema zaidi ya mizani. Pitisha viganja mbavuni: mbavu zinahisika kama migongo ya vidole vyako, chini ya ngozi yenye nyama kidogo. Ukilazimika kubonyeza, punguza kipimo kwa sehemu moja ya kumi na uangalie tena baada ya wiki mbili. Kwa kawaida anayezidi uzito hajazidishiwa mlo. Nyumba ina watu wanne na kila mmoja ana mfuko wake wa vitamu. Ndiyo maana ya kile chombo kimoja cha asubuhi.

Amemaliza masomo, sasa anakimbia ovyo na kuuma nguo

Watu huona nguvu zimebaki na kumwongezea kichezeo kingine. Mara nyingi ni kinyume: mtoto wa mbwa hulala saa 18 hadi 20 kwa siku, na huyu amekosa usingizi. Kazi ya akili nayo inachosha. Maliza kila kipindi kwa jambo linaloshusha mapigo, punje kumi zilizomwagwa kwenye zulia azinuse kichwa kikiwa chini, kisha mpeleke alale mahali penye giza kidogo. Kama vipindi vyenyewe vilikuwa vya kasi, vya kurukaruka na kufukuzana, vipunguze jioni.

Anajisaidia ndani tangu mlo ulipogawanywa

Hili huwashangaza wengi, ilhali sababu ni ya kawaida. Utumbo huanza kusukuma chakula kikiingia, na haja kubwa huja kati ya dakika tano na thelathini baada ya mlo. Ukitawanya punje saa zote, saa za haja nazo zinatawanyika. Zikusanye punje kwenye nyakati tatu au nne za siku, kila wakati ukiwa na mazoezi, kichezeo na bakuli kwa mfuatano ndani ya dakika 20 hivi, na umtoe nje mara tu baada ya punje ya mwisho. Weka punje tatu mfukoni kwa safari hiyo: anajisaidia, "tiki", anapewa hapo hapo mahali penyewe, si mlangoni mkirudi.